Dakika Ishirini kwa Mama

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya miguu isiyolingana, limeegemea ukuta wa duka la simu, na kila mtu alijua pake. Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, alikaa mwisho penye kivuli. Pancha, fundi wa matairi, alikaa katikati, ili mteja akimwita ajifanye hajasikia. Darubini, dereva wa watalii, alikaa popote palipobaki. Jina hilo alipewa kwa kuona chui juu ya mti kabla abiria wake hawajauona hata mti. Babu Birika, muuza kahawa, hakukaa kamwe. Asubuhi hiyo hata Darubini alisimama, maana kesho yake alikuwa anapeleka wageni wake sita wa kwanza tangu aache kuajiriwa, na moyo ulikuwa haumtulii.

Alichomoa ratiba akawasomea. Alfajiri, simba. Saa tatu, viboko. Saa tano, kijijini kwa mama, dakika ishirini. Saa sita, tembo. Simba na tembo hawakumpa shida. Aliyemnyima usingizi ni mama yake mzazi. Mwaka juzi basi la watalii lilisimama mbele ya uwanja wake akiwa anachambua maharage, wakampiga picha kupitia madirishani, wakaondoka bila hata hodi. Sasa alikuwa ametuma salamu: ukiniletea watu wa namna ile, mlango utaukuta umefungwa. Naye Darubini, jamani, wageni alishawaahidi wanyama na watu wa kwao, vyote viwili.

— Tulipange shauri, alisema Hakimu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mwenyeji akae ndani mpaka apone.

— Mama haumwi.

— Methali haikutaja ugonjwa.

Pancha akasema tatizo si mama, ni vitu vyake. Wageni wamekuja kuona ya kale, kwa hiyo bati ling'olewe, baiskeli ipelekwe kwa jirani, na ndugu wote wavae ngozi.

— Na simu? aliuliza Darubini.

— Zifukiwe. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Zikilia huko chini?

— Waambie ni mizimu, alisema Pancha, akanywa kahawa yake.

Babu Birika, ambaye kwa kawaida alisema kwa birika tu, akashauri gari lisizimwe kabisa. Lizunguke nyumba polepole, wageni wamesimama wametoa vichwa juu, na mama atokee mzunguko wa tatu. Hakimu akaongeza atokee na mbuzi. Pancha akataka mbuzi wawili na ngoma, na mama ajifanye hajaliona gari.

— Hata chui hufanya hivyo, Darubini alijikuta akisema. Akaona aibu, lakini akaandika.

Hapo kando alikuwa amesimama mama muuza nyanya, beseni kichwani, anangoja kikombe chake. Hakuwa amewahi kufika kijiwe kile.

— Samahani, kaka zangu. Hao wageni wakifika, watakaa wapi?

Hakimu alimtazama Pancha. Pancha, kwa mara ya kwanza mwezi ule, alisikia mteja anamwita. Darubini akageuza karatasi mbele na nyuma: kulikuwa na kuzunguka, kusimama na kupiga picha, wala hapakuwa na pa kukaa. Miaka ishirini abiria wake walikalia viti vya gari tu. Na mama yake, tangu amjue, hajawahi kumpokea mtu bila kuanza na karibu kiti. Watu wa basi hawakumpa hata nafasi ya kulisema neno hilo. Ndilo lililomuuma siku zote hizo, na mwanawe mwenye macho makali hakuliona.

Akapiga simu pale pale.

— Shikamoo, mama. Wageni wa kesho watashuka garini. Nimepiga kukuuliza, watakaa wapi?



— Marahaba. Wangapi? aliuliza mama.

— Sita.

— Nina viti viwili na kigoda. Njoo na vya kukalia. Na wakishakaa usiwaharakishe, mwanangu, nami nina ya kuwauliza.

Darubini alifuta tembo kwenye ratiba; tembo hawanuni wakikosa wageni. Kisha akalitazama benchi. Hakimu alielewa kabla ya wengine.

— Hukumu hii ina rufaa, alisema, akilishikilia.

— Kesho kutwa narudisha, mzee wangu.

Hakimu alinung'unika, akainuka, na ndiye aliyeshika upande mmoja wakilipandisha kwenye keria juu ya gari, huku mama muuza nyanya akiwaelekeza wasikwaruze rangi. Babu Birika akamimina kahawa ya mwisho. Darubini alipoondoa gari, aliwaona kwenye kioo wamesimama wote wanne na vikombe mkononi, wakilitazama benchi lao likienda kwa mama.