Sifa Niliyoipaka Mimi

Asalaam aleikum, ndugu waombolezaji. Mimi Shuaibu, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kama ilivyo, ila pana mahali nitaiacha, mnivumilie.

Marehemu Abdulrazak Rehani alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Mlingotini, akamaliza darasa la saba Bagamoyo mwaka 1971, akafanya kazi ya ufundi wa boti kuanzia 1976 hadi 2017, na tarehe 6 Oktoba 1984 alimwoa Bi Mwanahija, wakajaaliwa mtoto mmoja, Shufaa, aliyewaletea wajukuu wawili, Samia na Farhan.

Mwaka 2023 aliokota kule Kerege katamarani kuukuu, kiboti cha tanga chenye matumbo mawili, wenyewe wakikifugia kuku, akasema wajukuu watajifunzia bahari humo, akakikwangua na kukiziba kwa faiba, vitambaa vya nyuzi za kioo na gundi yake, miezi minane. Tarehe 2 Juni 2024 watoto walipokitoa, tumbo la kushoto likajaa maji mbele ya macho yetu, kikalala ubavu, lo, pwani nzima mayowe, na marehemu, na miaka yake sitini na saba, akajitosa, akawarudisha wote wawili wazima.

Hapa karatasi inasema ilikuwa bahati mbaya. Si kweli. Kabla hajaziba, mimi, kwa akili zangu za boti za mbao, nililipaka tumbo lile sifa, mafuta yetu ya papa, nikidhani namsaidia, kumbe faiba haishiki penye mafuta. Alipolifungua baada ya ajali aliinusa, akajua ni mimi. Shufaa alimwita mzembe, akaapa watoto hawatakikanyaga tena, na kaka akanitazama mara moja tu, akasema kosa ni lake. Nami nikanyamaza, wallahi, nikamwacha akizibe upya peke yake, hata figo zilipoanza kumsumbua Januari mwaka huu, na siri ile nikakaa nayo hadi jana, tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi jioni, alipofariki.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia, majirani waliombeba, na mafundi wenzake wa Mbegani.

Shufaa mwanangu, babako hakuwa mzembe, mzembe ni baba yako mdogo huyu unayemsikia. Kiboti alikimaliza kukiziba tangu Agosti, juzi nimekipanda mwenyewe hadi kwenye maji makuu, hakikuvuja hata tone. Watoto ni wako, neno ni lako.

Pumzika kwa amani, kaka. Sifa zako ni hizi nilizosoma, ile iliyonuka ilikuwa yangu.