Dole Gumba Halikupiga Simu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Utafiti wa Mawasiliano ya Tiba. Mkuu wetu wa kituo. Ndugu wafanyakazi wenzetu:

Karibu sana. Hivyo viti vya mbele ni vya wagonjwa. Tumewaomba wasimame kidogo, nao wamezoea.

HISTORIA YETU

Zamani sisi wa idara ya wagonjwa wa nje tulipelekeana majibu kwa miguu. Mtu wa maabara akiona jibu baya, anatoka mbio na karatasi, anamfuata daktari hadi mlango wa choo: "Toka bwana, huyu mtu atatufia!" Zilikuwa kelele tupu, lakini ulijua jibu liko mkononi mwa nani. Kisha ofisi yako ikatuletea simu za kazi na kundi la ujumbe, ipime kama mawasiliano hayo yatawalinda wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani.

MAFANIKIO

Mbio zimekwisha. Ujumbe ukiingia tunauwekea alama ya dole gumba, na ripoti yenu inauhesabu kuwa umejibiwa. Mmetusifu. Ahsanteni.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, sare hizi tulizovaa zilishonwa na Mama Mshonaji, mgonjwa wetu wa presha. Dada yetu wa maabara alipopima damu yake na kuona potasiamu imepanda kiasi cha kuweza kusimamisha moyo, alishika kichwa. Akaandika kundini: "Jamani, Mama Mshonaji aache dawa, arudi leo hii!" Madole yakamiminika. Dada akashusha pumzi.

Daktari aliweka dole akidhani nesi atapiga simu. Nesi akaweka lake akidhani mapokezi watapiga, si ndio wenye namba? Mapokezi wakaona dole la daktari, wakasema aa, mkubwa keshamaliza. Mama wa watu akameza dawa yake ya jioni, kama vile tulivyomwelekeza. Asubuhi bintiye alimkuta ameinamia cherehani, amekwisha kufa.

Binti huyo alikuja hadi dirisha la maabara. Hakufoka. Alimuuliza dada tu, "Simu ya mama ilikuwa mezani, ina chaji. Mbona haikulia?" Dada akamwonyesha yale madole. Aibu iliyoje!

Baadaye dada akasimamishwa kazi, eti hakufuatilia. Yeye peke yake aliyepiga kelele. Mama yake anatuambia mwanawe hali, halali, simu ikilia anashtuka. Sisi wenye madole tupo kazini, tumependeza na sare zetu.

MAOMBI

Dole liondolewe kwenye majibu ya hatari. Anayeliona jibu aandike jina lake, aseme "nimempigia, nimeongea naye." Dada yetu arudishwe kazini. Na ule ujumbe wake muutoe kwenye ripoti, maana mpaka leo mmeuweka humo kama mfano wa kuigwa wa kujibiwa haraka.

Tungependa kusema tuna matumaini. Lakini risala hii tuliituma kwanza ofisini kwako, kama tulivyoelekezwa, tukauliza kama ombi la kumrudisha dada lina nafasi. Papo hapo simu ikalia, ujumbe umeingia. Tuliikimbilia wote.

Lilikuwa dole gumba.

Mungu akulinde, mgeni wetu, wewe na wote wa nyumbani kwako. Na siku mtakayougua, atujalie simu yenu ilie.

Ni sisi,
Watumishi wa Idara ya Wagonjwa wa Nje, tuliobaki kazini.