Mama Mkubwa Aliachiwa Salama

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile lilibeba mabingwa watatu wa samaki ambao hakuna aliyewaomba ubingwa. Kisigino, fundi viatu, alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na hanywi. Jana saa sita mchana, jua likichoma mpaka mbwa wamegoma kubweka, alimvua Mama Mkubwa, samaki mzee kuliko wote bwawani, akamrudisha majini kama sheria ya pale inavyotaka. Leo kaonekana anaelea, tumbo juu. Kamati ya bwawa ilishaonya kwamba akifa mwingine kwenye joto hili, uvuvi unafungwa. Kisigino hana starehe nyingine duniani, na isitoshe, alimpenda yule samaki.

— Uzee tu, alisema kinyozi, anayeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kumnyoa mmoja. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

— Majini kuna miti? aliuliza Mizani, muuza nyama.

— Ndiyo maana kafa. Hakuwa na pa kushika.

Mizani alikataa. Kwake yeye kilichoua ni kijicho: samaki wenzake walimwona anapigwa picha, wao hawajapigwa hata moja, wakamnunia hadi roho ikamtoka.

Kisigino aliuliza kwa sauti ndogo kama labda wao wenyewe, wote watatu, walimshika vibaya jana.

— Sisi? Profesa aliumia. Tulimfuta kwa taulo safi asiteleze. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tulimkunja kidogo tu, aenee kwenye picha. Na haraka haraka haina baraka, ndiyo maana hatukumkimbiza majini.

— Mimi hata sikubali kwamba amekufa, alisema Mizani. Joto hili nani halali chali?

Kisigino alitamani sana kuliamini hilo. Karibu aamini.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni pale, akingoja mwanawe amalize kunyolewa na msaidizi wa Profesa. Aliomba kuziona picha. Kisigino akampa simu kwa fahari, na mama akazipitia moja moja: Kisigino na samaki, Profesa na samaki, Mizani na samaki, wote watatu na samaki, samaki kavishwa kofia ya Mizani.

— Zimetoka vizuri, alisema. Sasa kaka zangu, muda wote huu alikuwa anapumulia wapi?

Profesa aliingia ndani kumsaidia msaidizi wake. Mizani akakumbuka kwamba ameacha bucha wazi.

Kisigino alichukua simu yake. Picha ya kwanza ilipigwa saa sita na dakika nne, ya mwisho saa sita na dakika ishirini na moja. Alizirudia zote kumi na nne. Katika kila moja alikuwa anacheka.