Sanduku la Sentimita 173

Benchi letu liko Shieywe, nje ya karakana ya Shikanga, seremala wa vitanda, makabati na majeneza. Jioni tunakunywa kahawa ya Swaleh, tunayemwita Profesa kwa sababu hakubali kushindwa. Titus, Waziri wetu, hukaa mwisho wa benchi akinyoosha miguu kana kwamba alilinunua yeye. Siku hiyo Shikanga alitoka ndani na simu mkononi, uso umemparara. Sikuupenda uso ule hata kidogo.

SHIKANGA: Kuna mtu ameagiza sanduku kwa meseji. Kawaida naletewanga kamba iliyokatwa urefu wa marehemu. Huyu ameandika, "Urefu 173, mabega 56. Usiongeze kitu. Nimempima akiwa amelala." Hizo ni sentimita, na tepu yangu upande wa sentimita ulifutika kitambo.

SWALEH: Hiyo tu? Inji moja ni sentimita mbili nukta tano nne. Zidisha. Inapata... mia nne thelathini na tisa.

TITUS: Inji mia nne! Unazika mtu ama mlingoti wa stima?

SWALEH: Maiti hunyooka, Waziri.

TITUS: Anyooke mpaka Khwisero? Gawanya hiyo 173 kwa mbili.

SHIKANGA: Themanini na sita. Hiyo ni futi saba na zaidi.

TITUS: Inawezekana. Kule Shinyalu kuna mzee aliongezeka inji moja kila walipofungua mlango. Walimzika amekunja magoti.

SWALEH: Ama mbao ndizo zilipungua. Mbao zinasikianga ni nani anaingia.

Tulicheka, lakini kicheko kiliisha haraka. Shikanga akaingia ndani, akatoka na rula ya shule ya mtoto wake.

SHIKANGA: Oneni. Sentimita thelathini ni futi moja kasoro kidogo. Thelathini mara tano, mia moja hamsini. Imebaki ishirini na tatu, hiyo ni inji tisa. Toa zile kasoro. Sitini na nane.

Akakata kamba ya inji sitini na nane ili aende kuchagua mbao. Swaleh akamnyang'anya kwa utani, akamsimamisha Titus, akaishika kamba kutoka kisigino hadi utosini. Ilimtosha. Haikuzidi wala kupungua.

SHIKANGA: Wewe Profesa! Mtu hai hapimwi kamba!

TITUS: Watu wa futi tano inji nane wamejaa Kakamega hii. Hata wewe, Swaleh.

SWALEH: Mimi usinitazame. Sisi tunazikwa na sanda.

Titus akaketi, mabega ameyakusanya. Mimi niliweka kikombe changu chini.

Hapo akafika Khalayi, jirani, amebeba kigoda cha kukarabatiwa. Akasikiliza kidogo.

KHALAYI: Kwani nani amekufa?

Sote tukamgeukia Shikanga.

SHIKANGA: Sikuuliza.

KHALAYI: Si umuulize?

Shikanga akaandika. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mfukoni. Alilisoma, kisha akatugeuzia kioo tuone. Lilikuwa neno moja: "Bado."

Titus akavuta miguu yake chini ya benchi.

TITUS: Hebu nisomee hiyo namba.

Shikanga akaanza kusoma, polepole. Hakuifikia tarakimu ya mwisho.

TITUS: Wacha. Hiyo ni ya nyumbani kwangu.