Oili ya Marehemu: Kumuaga Fundi Dobri Karastanev

Tarehe 31 Machi, Fundi Dobri Karastanev anavua ovaroli baada ya kuitumikia gereji ya mabasi ya Gorna Yasika kwa miaka thelathini na sita. Aliingia na nywele, anatoka na kipara. Katika muda wote huo hajawahi kutuambia basi limepona kabla ya kulipanda yeye mwenyewe hadi kona ya kanisa na kurudi.

Mimi ni dereva wa basi la ng'ambo ya mlima. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu, wanasema, nina mdomo. Dobri alinipa sharti moja tu: "Sifa weka kidogo. Lakini ile habari ya siku ya arobaini iandike yote, mafundi wasije wakairudia."

Aliyemfunza kazi ni marehemu Mzee Gencho, fundi wetu mkuu. Alikuwa na pengo mbele, na kila alipomaliza kazi alipiga mluzi wa sauti mbili, ya juu kisha ya chini. Hapo tulijua basi liko tayari. Alifariki katikati ya majira ya baridi, wiki ileile basi langu lilipofungwa turbo mpya, ile feni inayoisukumia injini hewa. Gereji yetu ina desturi kwamba vya marehemu havibadilishwi mpaka arobaini ipite. Koti lake lilibaki msumarini, na pipa lake la oili, ile nzito aliyoiamini maisha yake yote, likabaki pembeni.

Kijitabu cha turbo kilitaka oili nyepesi, isiyoganda kwa baridi wala kuungua kwa joto. Dobri alikisoma, akakifunga, akamimina ya Gencho. Nilipouliza, alinikatiza: "Mzee hata arobaini hajamaliza, wewe unataka nimwage oili yake? Wewe endesha basi!" Mapenzi nayo yana upofu wake. Kila asubuhi ya barafu oili ile ilijikokota, na turbo ikazunguka kavu kabla oili haijaifikia.

Siku ya arobaini yenyewe tulipanda mlima kwenda kijijini kwa marehemu. Tulikuwa na masufuria ya ngano ya kuchemsha, chakula cha kumkumbuka marehemu, na Bibi Zlatina, mjane, amepakata koti la mumewe akaligawe kwa maskini. Juu kabisa, penye ukungu, nilisimama nikazima injini. Haikuzimika. Nikachomoa ufunguo, ndiyo kwanza ikapandisha mngurumo.

Moshi wa buluu ulifunika madirisha. Turbo ikapiga mluzi: juu, chini. Juu, chini.

"Zima, mwanangu!" watu walipiga kelele nyuma.

"Nimezima! Ufunguo huu hapa!"

Nilibonyeza kitufe cha mlango, ulikuwa umeganda. Bibi Zlatina peke yake hakupaza sauti. "Ndiye huyo," alisema. "Kazi yake hajaimaliza."

Dobri, aliyekaa nyuma yangu, alikuwa keshaelewa. Turbo ilikuwa imelika, injini inanyonya oili yake yenyewe na kuichoma. Haikuhitaji dizeli wala ufunguo. Isipokatwa pumzi ingepasuka nasi tukiwa ndani. Alifunua kifuniko cha injini kando ya kiti changu, akaitisha nguo nzito. Bibi Zlatina alimpa lile koti.

"Mfunike," alisema. "Ana baridi."

Dobri aliligandamiza koti kwenye mdomo ambao injini huvutia hewa. Injini ikavuta mkono wa koti, ikakohoa, ikafa. Kimya kilipotulia, tukasikia mluzi mara moja zaidi, juu kisha chini. Dobri alikaa chini akalia mbele ya watu. "Nilitaka kumheshimu," alisema, "nusura niwazike nyote."

Tangu siku hiyo hakuna turbo iliyopokea oili hapa kwa mazoea. Dobri husoma kijitabu kwa sauti, hununua inayotajwa, huijaza turbo oili kwa mkono kabla ya kuwasha, na huiacha injini ingurume taratibu kabla ya kuzima. Kisha hutunyamazisha wote, asikilize turbo ikizunguka mpaka isimame. Hatujapoteza nyingine.

Ijumaa iliyopita alimimina oili yake ya mwisho. Tone la kwanza alilidondosha sakafuni, kama watu wanavyommwagia marehemu divai. Niliwasha, nikazima, turbo ikatulia. Halafu, kutoka kwenye injini iliyolala, ukaja mluzi: juu, chini.

Dobri alivua kofia. "Nakuja, mzee," alisema. "Usinikimbize."

Nywele zilinisimama, na bado sijapenda jibu lile. Kwa hiyo, Fundi Dobri, pamoja na shukrani za gereji nzima, pokea na ombi langu. Kapande nyanya zako, ulee wajukuu, ule uzee mtamu na mrefu. Na ukisikia mluzi, mwache Mzee apige. Kazi yako umeimaliza. Kwa huyo hudaiwi jibu.