Msiba Bila Mtani

UWESU: Haloo! Haloo! Chumba cha marubani hapo? Nani mwenzangu?

FILBERT: Hakuna rubani hapa. Wote wako msibani.

UWESU: Na wewe unayeongea?

FILBERT: Mfagiaji.

UWESU: Mfagiaji, mbona una sauti ya Filbert?

FILBERT: Uwesu, niache.

UWESU: Sikuachi! Niko dukani kwa Mzee Mbaruk, Mtaa wa Sikukuu, mkabala na nyumba ya marehemu. Kanipa dakika tatu, na saa kaishika mkononi. Kwa nini huji?

FILBERT: Tumbo. Ugali wa yanga, ule unga wa njano, umenivuruga.

UWESU: Tumbo la Jumanne mpaka leo Alhamisi?

FILBERT: Usiitaje Jumanne.

UWESU: Haya, siitaji. Lakini misa saa nane, makaburini saa kumi, na wewe ndiye Mhehe pekee tuliye naye. Marehemu Onesphory ni Mngoni. Msiba wa Mngoni bila mtani wa kuchekesha watu, umeuona wapi?

FILBERT: Tafuteni mwingine.

UWESU: Nimejaribu mimi.

FILBERT: Wewe?

UWESU: Mimi! Nikavaa koti la marehemu, nikatembea kama yeye, kifua mbele. Mama yake akaniita, "Baba, wewe kabila gani?" Nikamwambia Mmwera, wa Lindi. Akasema, "Vua koti la mwanangu, ukae chini."

FILBERT: (anacheka, anajikatiza) Na marubani wenzetu je?

UWESU: Wako jamvini wanarusha ile ndege ya Onesphory kwa viganja. Kila mmoja anaonyesha angefanyaje injini ilipozima. Pantaleo kageuza kulia. Awadhi kageuza kushoto, kagonga sahani ya ubwabwa. Na wote wametua salama, waungwana!

FILBERT: Mimi nisingegeuza. Ningenyoosha mbele, nitue popote pale. Si ndivyo tulivyofundishwa? Kwa nini aligeuza, Uwesu? Mjinga yule, kwa nini—

UWESU: Mbele kulikuwa na shamba la shule. Watoto walikuwa wanapalilia.

(simu inakoroma)

FILBERT: Sikuambiwa.

UWESU: Ungeambiwa na nani, umejifungia humo? — Naam, Mzee! Namalizia, Mzee wangu, ni mambo ya msiba! — Haloo?

FILBERT: Nipo. Uwesu, ile safari ya Mafia ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemwomba anishikie zamu, tumbo linaniendesha. Sasa nimtazame vipi mkewe Benedikta usoni? Nikachekeshe watu mbele ya jeneza ambalo lingekuwa langu?

UWESU: Mwambie mwenyewe. Huyu hapa.

FILBERT: Nani huyo hapo?

UWESU: Benedikta. Kasimama hapa tangu ulipokuwa mfagiaji.

FILBERT: Uwesu! We Uwesu, mshenzi mkubwa—

BENEDIKTA: Mshenzi nani?

FILBERT: Shemeji... pole, shemeji. Pole sana. Mimi—

BENEDIKTA: Pole nimezipata za kutosha. Watu wamejaa mpaka barabarani, nikiomba maji tu wanaangua kilio. Kama na wewe unakuja kunihurumia, baki huko huko.

FILBERT: Shemeji, ilikuwa zamu yangu.

BENEDIKTA: Najua. Aliniambia huku anafunga kamba za viatu, anacheka peke yake. "Mhehe kala mbwa wa nani sijui, tumbo limemkataa, mimi napata safari." Wiki mbili alikuwa hajaruka. Alitoka hapa na furaha, Filbert. Nimekasirika, sikufichi. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia yeye, hata hiyo Mafia yenyewe. Lakini tangu juzi sijacheka wala sijalia, kifua kimejaa. Nitanie.

FILBERT: Kwenye simu?

BENEDIKTA: Mzee Mbaruk anatazama saa.

FILBERT: (anakohoa) Haya. Mwambieni... mwambieni yule Mngoni. Babu zake walitoka kwa Wazulu kwa miguu. Zambezi, kwa miguu! Wakapanda milima, wakafika Songea wazima, na ng'ombe wa kuiba juu! Sasa yeye nani alimdanganya apande hewani? Mngoni na mawingu, wapi na wapi? Angemuuliza Mhehe, angeambiwa—

(mkono wa simu unagonga meza)

FILBERT: Shemeji? Haloo? Nimekosea? Shemeji!

UWESU: Umemwambia nini wewe?

FILBERT: Analia?

UWESU: Anacheka. Hapana, analia. Kakalia kreti la soda, vyote anavifanya kwa pamoja. Mzee Mbaruk mwenyewe kageukia ukutani. Njoo, bwana, njoo!

FILBERT: Nakuja. Navaa viatu. Uwesu, sikiliza—

UWESU: Sema haraka, Mzee kajifuta macho, anarudi kwenye saa yake—

FILBERT: Waambie jeneza wasilinyanyue. Nitalilalia juu, mimi ndiye mtani wake, na haondoki mtu mpaka niseme. Hata padri asubiri.

UWESU: Utalilalia mpaka lini?

FILBERT: Sijui. Waambie tu, Uwesu. Wasimtoe kabla sijafika. Wasim—