Machela ya Kumwonyesha Mheshimiwa

Kijiwe cha Daimu kiko pale njia ya mashambani inapokutana na barabara ya Tunduru, nje kidogo ya Songea. Ni benchi moja la mbao, jiko la mkaa, birika na vikombe vidogo vya kahawa. Lakini wanaokaa pale wana kazi nyingine ambayo hakuna aliyewaajiri. Mgonjwa akitolewa mashambani kwa machela, wanaume wa huko humfikisha kwenye benchi na kugeuka, na wanaume wa kijiweni humpokea wakampeleka hospitali mjini. Ndivyo ilivyo tangu gari la zahanati lilipokufa. Asubuhi ile ya mvua za Januari, machela ilimleta Jane, mke wa Beda, aliyeshikwa na uchungu usiku. Beda mwenyewe ni mtu wa benchi lile, na wake za wenzake wengi wamepita begani kwake. Waliomsaidia kutoka shambani walishusha machela kivulini wakarudi zao. Subira, dada yake Beda, akamfunika Jane kwa kanga. Beda akasubiri wenzake wainuke. Hawakuinuka.

— Kaa kwanza, Beda, alisema Hironimus. Leo anapita.

— Nani?

— Mheshimiwa mbunge. Amelala Namtumbo, anakuja mjini kuhutubia. Hana njia nyingine ila hii.

Hironimus walimwita Taarifa Rasmi. Alianika betri za redio juani ili asikose neno lolote la bungeni.

— Juzi nimemsikia, aliendelea. Alianza vizuri sana. Akayasemea mashirika ya umma, akauliza wanaoyanunua ni nani. Akasema ruzuku ya mbolea ikiondolewa, mkulima wa Ruvuma atavuna majani. Nikapiga meza hapa.

— Meza gani, we mzee? aliuliza Daimu huku akimimina kahawa.

— Basi nikapiga goti. Halafu akageukia jimboni. Anasema, Mheshimiwa Spika, kwangu mgonjwa kubebwa kwa machela ni habari ya zamani. Habari ya zamani! Na hili sugu begani kwangu ni la nini?

Kajetani alicheka kwa hasira. Zamani alikuwa karani wa ushirika. Ushirika ulipoanguka akaanza kuuza mitumba, na tangu hapo jina lake kijiweni likawa Soko Huria.

— Basi leo aione hiyo habari ya zamani, alisema. Tunaiweka machela kando ya barabara. Gari likitokea, tunasimama katikati. Ashuke, amkute shemeji, tumwulize: hii nayo ni nini? Atamwacha vipi mbele ya watu? Shemeji atafika hospitali kwenye kiti cha sponji.

Beda alimtazama mkewe, akatazama kilima kilicho mbele na tope lake. Aliijua njia ile kwa miguu yake. Machela huteleza, hutikisika, mgonjwa huuma meno hadi mjini. Gari lingemfikisha upesi na kwa heshima. Tena yeye alikuwa na mabega mawili tu. Wenzake wasipoinuka, angebeba upande mmoja?

— Beda, twende, alisema Jane.

— Gari linakuja, mama Amedeus. Vumilia kidogo.

Wakaisogeza machela karibu na barabara, ionekane vizuri. Kivuli kikabaki nyuma. Subira akasimama upande wa jua ili amkinge wifi yake.

Walikunywa kahawa. Daimu akachochea mkaa, akatia maji mengine kwenye birika.

— Mbona hatokei?

— Watakuwa wamemzuia, alisema Hironimus. Ukiuliza nani ananunua mashirika, unagusa watu. Ajabu gani wakimpigia simu Namtumbo arudi Dodoma?

— Kwa simu ipi? aliuliza Daimu. Waya si zilikatwa?

— Wao wana simu zisizo na waya, bwana.

— Mimi nasema amekwisha kupita, alisema Kajetani. Kwenye lori la korosho, chini ya turubai. Anajua tunamsubiri.

— Mbunge chini ya turubai!

— Na huyo wa redioni, aliendelea Kajetani, mna hakika ndiye tuliyempigia kura? Yule wetu alikuwa akiongea kama mtu aliyelala njaa. Huyu sauti imenenepa. Nasikia wakifika kule wanafungiwa chumbani na Wazungu wa Benki ya Dunia, na wanaotoka ni watu wengine kabisa.

Benchi zima likacheka. Beda naye alicheka, kisha akakutana na macho ya dada yake.

— Kaka, chupa ya uzazi imepasuka zamani. Niseme mara ngapi?

— Dada Subira, alisema Kajetani kwa upole, tukimbeba huyu leo, kesho tutambeba mwingine, na mwakani mwingine. Tukimngoja mheshimiwa, leo tunawabeba wote kwa mara moja.

Maneno yale yalikuwa mazuri, na Beda aliona uzuri wake. Hata hivyo aliinuka akashika miti ya machela upande wa kichwani.

— Beda, aliita Jane. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

— Nishikieni huku nyuma, jamani.

Daimu aliweka birika chini. Hironimus akanyoosha mkono.

— Nyamazeni! Gari hilo!

Beda aliachia miti, akasimama barabarani pamoja nao. Lilikuwa lori la korosho, likapanda taratibu, likasimama kuweka maji kwenye rejeta. Kajetani alilitazama turubai kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Akashuka mama mmoja wa makamo aliyejifunga ushungi, akaomba kahawa. Alisema anaitwa Nasrin, ametoka Namasakata, huko Tunduru.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam, mama, alijibu Daimu. Mheshimiwa mbunge mmemwacha wapi?

— Namtumbo. Tulipopita walikuwa wanapanga viti, watu wanacheza ngoma.

— Basi yuko njiani! alisema Hironimus, akaanza kumweleza mgeni yote: mashirika, mbolea, habari ya zamani, ushahidi uliolala pale kando ya barabara, na namna mheshimiwa atakavyoona haya.

Nasrin alisikiliza akiwa na kikombe mkononi. Kabla Hironimus hajamaliza, alikiweka chini, akapiga magoti kwenye tope, akafunua kanga. Mkono mmoja aliuweka kwenye paji la uso la Jane, mwingine tumboni. Jane hakufungua macho.

— Mtoto alicheza mara ya mwisho saa ngapi? aliuliza.

Hironimus, aliyeshika maswali yote ya bungeni, alimgeukia Kajetani. Kajetani akamgeukia Beda. Subira alijifunika uso kwa ncha ya kanga yake.  Beda aliitafuta asubuhi yote ile kichwani mwake, akakuta hana anachokikumbuka ila barabara, jinsi alivyokuwa akiisikiliza.

Nasrin hakuondoa mkono tumboni. Aliuliza tena, polepole, safari hii akimtazama Beda peke yake.